Gari inakunywa oili na daftari langu linasema yote. Nimwoneshe mnunuzi?

BabaWatatu

Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo linaninyima usingizi tangu Jumapili, na nyumbani tumeshagawanyika pande mbili.

Nauza gari yangu, saluni ya injini ya lita 1.5, gia otomatiki, ina miaka 15 tangu itoke kiwandani. Niliichukua ikiwa na kilomita 82,000, leo inasoma 187,400. Ni ile gari ya kawaida kabisa, ukiiegesha mahali penye gari hamsini unaitafuta kwa kubonyeza rimoti. Imepeleka watoto watatu shule, imebeba godoro juu, imebeba mashine ya kufulia huku buti limefungwa kwa kamba. Haijawahi kunilaza njiani, ukitoa siku ile betri ilipokufa. Ninaiuza kwa sababu ya magoti tu. Kijana wangu mkubwa amerefuka, akikaa nyuma yangu namsikia mgongoni kila nikipita kwenye tuta.

Sasa tatizo lenyewe. Kwenye droo ya dashibodi kuna daftari la shule la kurasa 96. Tangu siku ya kwanza naandika humo kila kitu: tarehe, kilomita, lita za mafuta, kilichobadilishwa na nani kakibadilisha. Mke wangu huliita kadi ya kliniki. Basi kuanzia kilomita 151,000 hivi kuna mstari unajirudia: "oili, nusu lita." Mwanzoni ulikuwa unatokea mara moja tu kati ya sevisi na sevisi. Mwaka huu ni kila kilomita 1,000. Sevisi nafanya kila kilomita 5,000, kwa hiyo katikati hapo naongeza kama lita mbili na nusu, kwenye injini inayobeba lita tatu na ushee. Mchana moshi huuoni. Asubuhi ya baridi ukisimama nyuma yake unaona buluu kidogo, halafu inapotea.

Mengine ni madogo. Kioo cha nyuma kushoto hakishuki kwa swichi. Bampa ya nyuma ina alama ya nguzo ya geti langu mwenyewe, na aliyekuwa anarudi nyuma siku hiyo tusimtaje. Fenda ya mbele kulia ilipigwa rangi baada ya mtu kuniparuza, ukiitazama juani haifanani sana na mlango.

Shemeji yangu anasema daftari lichomwe: "Hakuna anayeuza gari akaanza kwa kusoma dhambi zake." Mke wangu anasema mnunuzi apewe lote. Mimi najifanya niko katikati, ila nimeegemea kwa shemeji, maana hela ya hii ndiyo nusu ya hela ya gari nyingine ninayoitafuta.

Kilichonivuruga ni hiyo Jumapili. Nilikwenda kuangalia saluni ya daraja hilohilo, pana zaidi nyuma, ya miaka 9. Muuzaji anasema mmiliki mmoja, kilomita 61,000, ilikuwa ya kwendea kazini tu. Nimefika saa tatu asubuhi kama tulivyopatana, nikaweka kiganja kwenye boneti: moto. Namuuliza, ananiambia aliisogeza kidogo ili aioshe. Kusogeza gari mita kumi hakuchemshi boneti. Kufungua ndani, injini imeoshwa inang'aa mpaka nyaya. Nikainama kutazama pedali ya breki. Mpira umelika upande wa kulia mpaka chuma kinachungulia! Yangu ya kilomita 187,000 mpira bado una mistari yake. Matairi nayo nikasoma zile tarakimu nne za ubavuni, mawili yanasema 1422, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2022, moja 3819, na la nne namba zake zimegeuziwa ndani sikuziona. Nikamwambia nitampigia.

Njiani narudi ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi hiyohiyo, kabla sijatoka nyumbani, nilikuwa nimepiga simu kuulizia wanaosha injini kwa kiasi gani. Nikacheka peke yangu kwenye foleni, aliyekuwa pembeni akanitazama.

Basi nisaidieni. Nusu lita kwa kilomita 1,000 ni ugonjwa wa kufa au ni uzee? Na daftari nimwoneshe mnunuzi, au ningoje mpaka aulize?


GiaYaTano

Mkuu unajitesa bure. Mwaga oili iliyomo, weka nzito ya 20W-50, ongeza chupa moja ya ile dawa ya kuzuia moshi, osha injini, uza jioni. Anayenunua gari ya miaka 15 anajua anachokifuata. Nimeuza gari nne kwa mtindo huo na hakuna hata mmoja aliyenirudia.


SpanaKumi

GiaYaTano, hawakukurudia kwa sababu ulibadilisha laini ya simu.

BabaWatatu, nimelala chini ya magari miaka 31, na mgongo ndio ulionistaafisha. Nianze na ugonjwa.

Nusu lita kwa kilomita 1,000 si kifo. Wapo watengenezaji wanaoandika kwenye vitabu vya gari zao kwamba hata lita nzima kwa kilomita 1,000 inakubalika, ingawa ingekuwa yangu nisingelala. Oili ina njia kubwa tatu za kupotelea: kuvuja nje, kupita kwenye sili za valvu, au kupita kwenye ringi za pistoni, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku mmoja. Likiamka kavu, uvujaji mkubwa uondoe kwenye mawazo. Kisha mtu asimame nyuma wakati unawasha asubuhi. Moshi wa buluu wa sekunde chache unaokuja na kuondoka, kama ulivyoeleza, mara nyingi ni sili. Usiku kucha oili inateremka taratibu kwenye shina la valvu na kungoja uwashe. Ringi zikichoka tabia ni nyingine, moshi unakuja ukiikanyaga ikiwa na mzigo, mlimani.

Sili yenyewe ni kimpira kidogo kama kifuniko cha kalamu. Joto la miaka yote hiyo linaikausha, inakuwa ngumu kama plastiki, haikumbatii shina tena. Kwenye injini nyingi unaibadilisha bila kufungua silinda hedi, yaani kile kichwa cha injini kinachobeba valvu: unaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi ili valvu isidondokee ndani, unabana springi, unachomoa ya zamani, unapachika mpya. Inataka subira na vidole visivyotetemeka. Ringi ni habari nyingine, huko ni kufungua injini yote, na kwa gari ya umri huo wengi wakipiga hesabu wanaendelea tu kuongeza oili.

Ukitaka kujua bila kubahatisha, pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Toa plagi zote, pima silinda moja moja, andika (wewe kuandika hujambo). Iliyo chini mimina kijiko cha oili tunduni, pima tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, katafute kwenye valvu au gasketi. Hiyo ni kazi ya kama saa moja.

Sasa dawa ya GiaYaTano. Injini nyingi za kisasa zinazotaka oili nyepesi zina mtambo wa kubadili muda wa valvu, nao unasukumwa na presha ya oili hiyohiyo kupitia vitundu vyembamba. Ukimimina uji humo, asubuhi inaamka inagonga. Halafu unamdanganya nani? Mimi nikiitwa kukagua gari nadai niikute baridi. Nafungua mfuniko wa oili nanusa. Navuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, naipangusa kati ya vidole viwili. Naingiza kidole kwenye ekzosi: masizi makavu sawa, masizi yanayoteleza kama grisi maana yake injini inachoma oili, na hakuna chupa inayofuta hayo. Nikikuta oili mpya kabisa, nzito isivyostahili, kwenye injini iliyooshwa juzi, najua kuna kitu. Basi naanza kutafuta. Na nikianza kutafuta natafuta kila mahali. Hapo ndipo fenda yako iliyoparuzwa inapogeuka kuwa gari iliyopinduka.

Wauzaji wengi hawalijui hili. Mnunuzi akigundua kimoja ulichoficha, anashusha bei ya hicho, kisha anashusha tena kwa vile ambavyo hajaviona. Wewe kamfungulie daftari kwenye ukurasa wa oili kabla hajauliza.

Kuhusu ile ya boneti ya moto, kama bado moyo unaitaka, usirudi bila fundi mwenye mashine ya kusomea makosa. Asitazame makosa peke yake. Mwambie atazame kama vile vipimo ambavyo gari inajipima yenyewe vimekamilika. Mtu akifuta makosa usiku, au akichomoa betri, vipimo navyo vinafutika na vinahitaji gari iendeshwe tena ndipo virudi. Mashine ikikwambia hakuna kosa hata moja, na papo hapo inakwambia vipimo karibu vyote havijakamilika, basi kuna uwezekano mkubwa taa ya injini ilikuwa inawaka juzi. Halafu zungusha funguo mpaka ON bila kuwasha injini: taa ya injini na ya mifuko ya hewa lazima ziwake, ndipo zizime baadaye. Isiyowaka kabisa, huenda kuna mtu kaitoa au kaiziba.


GiaYaTano

Sawa mzee wangu, nimekusikia. Ila daftari nalo linaghushiwa. Unanunua jipya, unakaa jioni moja na kalamu, umemaliza.


SpanaKumi

Kweli kabisa, nimeyaona. Ila la kughushi lina wino mmoja, mwandiko mmoja, na mistari imenyooka kama mtihani. La kweli lina madoa ya grisi.


BabaWatatu

Langu ukurasa wa 41 lina tembo. Binti yangu alimchora nikiwa ndani ya ofisi ya bima, akampaka wino mpaka juu ya kilomita 133,000. Nadhani hilo haliwezi kughushiwa.


MamaKlachi

Kaka BabaWatatu, mimi nakuandikia kutoka upande wa wanaouziwa.

Gari yangu ya kwanza ilikuwa saluni ya miaka 11. Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, ambaye hata leseni hana, na muuzaji muda wote alikuwa anaongea na yeye. Mimi ndiye ninauliza, yeye anajibiwa. Nikaomba nifungue mfuniko wa rejeta kwa kuwa injini ilikuwa baridi, yule bwana akacheka akamwambia mdogo wangu, "Dada yako ni fundi eh?" Nikaona aibu, nikaacha. Hiyo aibu imenigharimu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Wiki ya tatu, kwenye mlima mrefu, nina watoto wawili nyuma, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikasimama. Moshi mweupe, harufu tamutamu ya kulenti, maji ya kupozea injini. Fundi alipofungua alikuta rejeta imejaa ile dawa ya kuziba matundu, maji yamekuwa rangi ya kutu yenye vipande vipande, na gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha kitambo. Yaani mtu alijua, akanunua dawa ya kusukuma siku. Nikampigia, akasema kwa upole kabisa, "Lakini dada, hukuuliza." Na ni kweli. Nilikuwa nataka kuuliza kwa kufungua mfuniko.

Ninachotaka ukijue ni kwamba kama angeniambia gasketi ni mbovu, gari ningeinunua hivyohivyo. Bodi ilikuwa nzima, viti safi, ningetoa hela ya gasketi kwenye bei tukamaliza. Niliyokuja kulipa zaidi ni hedi iliyopinda kwa joto, na hiyo ilipinda mikononi mwangu.

Kwa hiyo usingoje aulize. Wengine hatuulizi kwa sababu tumeshachekwa.

Halafu makaratasi, maana watu husahau wakishaona hela. Mwandikishane: namba ya chesesi mliyoisoma pamoja kwenye gari yenyewe na si kwenye kadi peke yake, kilomita za siku hiyo, kasoro ulizomwonesha, tarehe na saa. Ndiyo, saa. Akigonga mtu saa kumi na moja jioni nawe ulimkabidhi saa tisa, hiyo saa ndiyo itakayokutetea. Na usimwachie yeye peke yake kazi ya kubadilisha jina la mmiliki. Ile iliyooshwa injini nayo, chesesi ikague kwa macho na kidole. Ukikuta mikwaruzo ya kusaga au herufi hazijapangana, rudisha funguo. Usichanganyikiwe tu ukikuta namba fupi: gari zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina namba fupi ya fremu, si ile ya herufi na tarakimu 17 ya nchi nyingine nyingi.


BabaWatatu

Wakuu, narudi na majibu. Zimepita wiki tatu.

Kwanza nilipima kompresheni. Silinda zote nne zinakaribiana, ya tatu iko chini kidogo, na kijiko cha oili hakikuipandisha. SpanaKumi, fundi wangu anasema kama ulivyosema: sili. Karatasi nikaipachika kwenye daftari kwa stepla. Injini sikuiosha. Nilisafisha viti tu na kuokota kalamu saba chini yake.

Tangazo nililiandika hivi: "Inakunywa oili nusu lita kwa kilomita 1,000, sili za valvu. Kioo kimoja hakishuki. Fenda moja imepakwa rangi. Rekodi za miaka yote zipo." Shemeji alipolisoma alinyamaza, halafu akauliza kama naiuza au nailaani.

Nisiwadanganye, haikuwa rahisi. Siku nne simu kimya. Wa kwanza aliyekuja alifungua daftari, akahesabu ile mistari ya "nusu lita" kwa kidole, akanishukuru, akaondoka. Wa pili alitaka anipe nusu ya bei. Anasema gari ni mgonjwa na nimekiri mwenyewe. Hapo nilimkumbuka GiaYaTano vizuri sana.

Wa tatu ni kijana, ana mtoto mmoja na mwingine yuko njiani, kaja na mama mmoja fundi wa makamo ambaye hakusalimia gari wala mtu kabla ya kugusa boneti. Baridi. Ndipo akanisalimia. Akaniambia niwashe, yeye akiwa nyuma. Ikatoa ule ubuluu wake. Nikasubiri aseme neno, akaitikia kwa kichwa tu. Kisha akaketi kiti cha abiria na daftari, akasoma karibu ukurasa kwa ukurasa kama dakika ishirini. Mimi na yule kijana tumesimama nje kama wazazi wanaosubiri ripoti. Akatoka akasema bushi za mkono wa chini kushoto, ile mipira ya mkono unaoshika gurudumu, zimekwisha, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua, nikaoneshwa ufa kwenye mpira kwa tochi. Fenda aliiuliza mara moja. Nikamweleza ilivyokuwa, akatazama nati za boneti kama zimewahi kushikwa na spana, hakuirudia tena.

Walitaka nitoe gharama ya sili na bushi. Nikakubali bushi yote, sili tukagawana. Nimepata kama sehemu moja ya kumi pungufu ya bei aliyoiota shemeji. Tukaandikishana kama MamaKlachi alivyoagiza: kilomita 187,912, chesesi tumeisoma wote watatu tumeinama, saa nane na robo mchana. Ya kubadilisha jina tulikwenda pamoja kesho yake.

Nilipotaka kuchana ule ukurasa wa tembo nibaki nao, yule fundi akaushika mkono wangu. "Hapana baba, huo ndio muhuri wenyewe." Nikapiga picha kwa simu.

Juzi kijana kanitumia ujumbe: ameweka nusu lita kwenye 188,900 na ameiandika.

Ya boneti ya moto nimeachana nayo. Nimepata nyingine ya miaka 10, nitakwenda kuiona Jumamosi saa mbili asubuhi. Nimempigia muuzaji kumwomba asiiwashe kabla sijafika. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Kwani we ni fundi?"